Kiboko Aliyefanywa Katibu wa Ushirika

Siku mliyoniaga pale ofisini, binti mmoja wa meza ya muziki alinisogelea akaniuliza kama ni halali kubadilisha mchezo wa mtu aliyekwisha kufa. Nilimjibu, lakini mdomo wangu ulikuwa umejaa keki, na sidhani alisikia. Nimepata nafasi sasa, kwa kuwa mstaafu ana nafasi kuliko kitu kingine chochote. Vyeo vyangu na mishahara yangu mtavikuta kwenye faili, kama panya wameviacha. Mimi nitaeleza habari ya kiboko.

Niliingia ofisi ya maendeleo ya jamii, Homa Bay, katika miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado unanukia rangi mpya. Nilikuwa mpiga taipu. Nilitoka kwetu Karungu na cheti kimoja, viatu vya dada yangu, na imani kwamba serikali haiwezi kuwa na kitu kibovu. Asubuhi ya kwanza nikaonyeshwa mashine yangu. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, na haikuwa na herufi k. Chuma chake kilikuwa kimevunjika, na aliyenitangulia alikuwa akiacha pengo kisha anajaza kwa kalamu. Hakuna aliyenieleza hilo. Barua yangu ya kwanza ilitangaza kwamba bwana mubwa wa ilimo anauja uagua pamba.

Mkuu wangu, Bwana Malaki, aliishika barua ile kwa vidole viwili. Alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo, na alivaa tai hata siku ya kupanda miti.

"Turfena, hii ni lugha ya wapi?"

"Ni Kiswahili, bwana. Mashine imekula sehemu."

"Basi uilishe," akasema, akanipa kalamu.

Jaribuni kuandika Kiswahili bila herufi hiyo, halafu mje mniambie kompyuta zenu zinawasumbua. Nilijaza k kwa mkono miaka miwili mizima. Mpaka leo nikiandika orodha ya sokoni, nairudia nikitafuta mapengo.

Wiki hiyohiyo ya kwanza akaja Mwalimu Zakaria. Alifundisha hesabu kule Muhuru Bay, mrefu, mkimya, Msabato asiyekosa ibada, na chini ya kwapa alikuwa na madaftari manne ya wanafunzi. Upande mmoja wa kurasa kulikuwa na hesabu za kugawanya. Upande wa pili ndipo alipoandika mchezo wake wa nyimbo, *Harusi ya Kiboko*, uliokwisha kuchezwa miaka mingi kutoka kurasa hizo. Aliuandika kwa Kiswahili kwa sababu pale Muhuru wanakaa Waluo, Wasuba, Wakuria na watu wa ng'ambo ya mpaka, na kila mmoja alitaka kucheka bila kusubiri mkalimani.

Hadithi yenyewe ni hivi. Kiboko anatoka ziwani, anapita katikati ya shamba la mahindi la watu, na badala ya kula anampenda binti wa nyumba ile. Anatuma posa. Baba mkwe na mama mkwe wanamjaribu kwa kazi mbalimbali, naye anazifanya zote kwa adabu, akiimba kwa sauti nzito inayotikisa masufuria. Harusi inafanyika. Tatizo linakuja pale bwana harusi anapotaka kuingia nyumbani, kwa sababu mlango haumtoshi. Anajaribu kwa ubavu, anajaribu kinyumenyume, kisha anaimba wimbo ambao watu wa pwani yote ya ziwa waliujua:

*Mama mkwe, usisukume,*
*bega moja limeingia,*
*la pili laomba radhi.*

Mwishoni anarudi majini, naye binti anabaki ufukoni. Watu walikuwa wanacheka hadi mstari huo wa tatu, kisha wanalia bila kujua walianzia wapi.

Nilipiga taipu kurasa zote, na kwa kuwa nilikuwa na cheti, nikamsahihishia. Pale penye bega nikaandika kwamba mabega yote mawili yalishindwa kuingia, maana niliona ni sahihi zaidi. Mwalimu alisoma amesimama. Akafika pale, akavua miwani.

"Binti, mgonjwa huyu ulimtibu kwa ruhusa ya nani?"

"Nilidhani umekosea, mwalimu."

"Nilikosea kwa makusudi. Piga tena. Na soma kwa sauti unapopiga, sikio lako lina akili kuliko vidole vyako."

Nikapiga tena, nikisoma kwa sauti, makarani wa chumba cha pili wakadhani ninasali. Hayo ndiyo mafunzo ya kazi niliyopata. Mengine yote yalikuwa semina.

Kila mwaka baada ya mavuno mchezo ule ulizunguka: Muhuru, Karungu, Migori, kisha Homa Bay. Ndani ya ngozi ya kiboko, iliyoshonwa kwa magunia ya pamba, walikaa wavuvi wawili. Mbele alikaa Barnaba, mwimbaji wa kwaya ya Kikatoliki, mwenye sauti iliyotoka chini ya ziwa. Nyuma alikaa Ochuka, ambaye hakuwa na sauti ila alikuwa na kiuno kinachovumilia. Kazi yangu ilikuwa kukaa kando ya jukwaa na maandishi, nikimnong'oneza Barnaba akisahau. Kumnong'oneza kiboko si kazi rahisi, kwa sababu masikio yake ya gunia hayako yalipo masikio ya mtu.

Mwalimu Zakaria alifariki msimu mmoja wa mvua, baada ya ugonjwa wa siku chache. Tulikwenda Muhuru kumzika. Wakati wa kumtoa nyumbani, jeneza lilikwama mlangoni. Fundi alikuwa amelipima kwa urefu wa Mwalimu, hakulipima kwa upana wa mlango. Wabebaji wakajaribu kwa ubavu, wakajaribu kinyumenyume. Barnaba alikuwa ameshika pembe ya mbele, na sijui kama alikusudia, lakini nikasikia sauti ile nzito ikivuma taratibu: "Bega moja limeingia..." Wa kwanza kucheka alikuwa mjane mwenyewe, Mama Yunia. Alicheka huku machozi yanamtiririka, akasema, "Yawa, jamani! Hata leo anatuchezea!" Ndipo tukacheka wote, jeneza likatoka.

Sasa nafika kwenye kesi yenyewe.

Mwaka uliofuata ikaja habari kwamba mgeni wa heshima atatoka Nairobi kuja kwenye sherehe Homa Bay, na kwamba anapenda muziki. Bwana Malaki akaniita.

"Tutamwonyesha *Harusi ya Kiboko*. Lakini, Turfena, mgeni wa Nairobi hawezi kuonyeshwa mnyama anayeoa binti wa watu. Atasema tuko nyuma. Tutaiboresha kidogo."

"Mwenyewe hayupo, bwana."

"Ndiyo maana ni rahisi," akasema, na alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayesema mvua imekatika.

Akaunda kamati. Kila idara ikaleta mtu, na kila mtu akaleta wimbo. Bwana samaki alitaka ubeti kuhusu ukubwa wa matundu ya nyavu. Bwana kilimo alitaka bibi harusi apande pamba kwa mistari iliyonyooka huku akilia. Bwana afya alisema tatizo la mlango ni zuri sana, ila mlango uwe wa choo, ili wananchi wajifunze vipimo. Kiboko mwenyewe alijadiliwa siku mbili, na siku ya pili mchana akafanywa katibu wa chama cha ushirika. Mchungaji akauliza harusi itafungwa na nani. Katekista akauliza swali hilohilo kwa sauti kubwa zaidi. Kwa hiyo zikafungwa harusi mbili, moja baada ya nyingine, na maskini katibu akaapa mara mbili kwa mke yuleyule.

Na mwisho? Katibu hawezi kurudi ziwani, angezama na vitabu vya chama. Kwa hiyo anarudi ofisini, na watu wote wanalia. Nilipiga taipu sehemu ile nikisoma kwa sauti, kama nilivyofundishwa, na nikasikia kwamba hakuna mtu aliyewahi kulia kwa sababu hiyo hapa Homa Bay, isipokuwa siku za Jumatatu.

Nilipiga nakala tisa tofauti. Kwenye jalada la kila nakala Bwana Malaki aliamuru iandikwe: *Umetungwa na marehemu Mwalimu Zakaria*. Herufi k ya jina lake nilikuwa najaza mwenyewe kwa kalamu.

Mazoezi ndiyo yaliyonishinda. Barnaba alivuliwa gunia akavishwa koti. Akasimama katikati ya ukumbi kama mtu aliyeibiwa nyumba.

"Bwana Malaki, mimi sijui mambo ya ukatibu. Mimi ni kiboko."

"Imba vilevile tu, Barnaba."

"Na Ochuka? Ochuka atakuwa nani?"

Kamati ilikuwa haijafikiria hilo. Wakanong'onezana, kisha Ochuka akatangazwa kuwa naibu katibu. Lakini miaka yote ile ya kukaa nyuma ya kiboko ilikuwa imeingia mwilini mwake. Kila Barnaba alipoanza kutembea, Ochuka aliinama, akamshika kiuno, akamfuata. Wakamsimamisha wima mara sita. Mara ya saba bwana afya akasema aachwe, labda watu watadhani ndiyo kazi ya naibu.

Nilicheka, siwezi kukataa. Lakini jioni ile nilipokuwa nafunga ofisi nililiona lile jina kwenye jalada, na sikuweza kucheka tena. Nikakaa, nikamwandikia barua Mama Yunia. Nilitumia karatasi ya ofisi, nikapiga muhuri wa ofisi ili posta wasiicheleweshe, na nikamwomba aje. Kwa mfanyakazi wa mwaka wa pili hilo lilikuwa kosa la kufukuzwa. Nilijua, na bado nikaiangusha kwenye sanduku.

Alikuja na basi la Migori, amebeba kikapu cha dagaa wa omena na mwavuli. Aliingia katikati ya mazoezi, akakaa benchi la mbele, akatazama yote: nyavu, pamba, harusi ya kwanza, harusi ya pili, choo. Hakuna aliyethubutu kuendelea kwa furaha, ila waliendelea. Walipomaliza, Bwana Malaki akajifuta jasho.

"Karibu sana, mama. Unaonaje? Tumemheshimu mzee."

Mama Yunia akafikiri.

"Mimi sikukuja kupigana na serikali," akasema. "Hii mchezo yenu si mbaya. Hata ile choo ni mzuri, mimi nitajenga kama hiyo. Lakini si ya Zakaria. Toeni jina yake."

"Lakini, mama, jina lake ndilo heshima yenyewe!"

"Hiyo si heshima. Hiyo ni kumsingizia mtu na yeye hawezi kujibu. Mkitaka kucheza hivi, chezeni. Andikeni tu jina ya yule ametunga."

Akafungua mwavuli wake humo humo ndani, sijui kwa nini, akatoka.

Vijana, niliona mengi katika kazi hii, lakini sijawahi kuona watunzi wakitoweka haraka vile. Watu waliokuwa wamegombania kila ubeti kwa wiki sita walianza kutazama viatu. Bwana kilimo akasema yeye alitoa ushauri tu. Bwana samaki akasema ubeti wake ulikuwa mfupi. Mchungaji akamwachia katekista nafasi, na katekista, kwa unyenyekevu ambao hatukuwahi kuuona kwake, akamrudishia mchungaji. Kila mmoja alikuwa anawaza jambo moja: mgeni wa heshima asipopenda, jina lililo kwenye jalada litapewa uhamisho kwenda kaskazini, kwenye mchanga.

Siku mbili kabla ya sherehe Bwana Malaki akaniita ofisini mwake, akafunga mlango.

"Turfena, wewe ndiye uliyeupiga taipu mchezo huu wote."

"Ndiyo, bwana."

"Basi kwa namna fulani wewe ndiye mtunzi. Tuandike jina lako."

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na wadogo zangu watatu walikuwa shuleni wakinitegemea mimi.

"Bwana, mimi nimepiga taipu tu. Na kwa kusema ukweli, ni mimi niliyemwita Mama Yunia. Kwa karatasi ya ofisi. Na muhuri."

Nilikwisha kuanza kuwaza ningewaelezaje nyumbani. Kisha Bwana Malaki akalegeza tai yake, jambo nililoliona mara moja tu katika miaka yote niliyofanya kazi naye, akasema polepole, "Kwa hiyo katika wilaya hii nzima, mtu pekee asiyeogopa uhamisho ni marehemu."

"Inaonekana hivyo, bwana."

"Rudisha kiboko."

Kumrudisha hakukuwa rahisi. Magunia yalikuwa yamerudishwa ghalani na tayari yana pamba. Tulimshona Barnaba na Ochuka upya asubuhi ya sherehe, huku nyuzi za pamba zikiwatoka puani. Ochuka alipoambiwa ainame, alilia kwa furaha. Mchezo ukachezwa kama ulivyoandikwa. Ulipofika wimbo wa mlango, uwanja wote uliuimba kabla Barnaba hajafungua mdomo, na mgeni wa heshima alicheka mpaka msaidizi wake akamshikia kofia. Baadaye akauliza ni nani aliyeutunza mchezo vizuri namna hii bila kuuharibu. Kamati nzima ikasimama.

Hapo ningeweza kuweka kalamu chini nikawaambia: msiguse kazi ya marehemu, basi. Lakini Jumatatu yake Mama Yunia alirudi ofisini, akakaa kwenye kiti changu cha wageni, akashusha sauti.

"Nyathina, mtoto wangu, asante. Sasa kiboko imerudi. Iko kitu moja tu nataka unitolee."

"Kitu gani, mama?"

"Ile pahali ya kukoroma."

Sikuwa nimewaeleza. Katika onyesho la kwanza kiboko anatoka majini kwa sababu anamsikia mama mkwe akikoroma, na anadhani ni ndugu yake aliyepotea.

"Miaka yote hii," akasema Mama Yunia, "nikienda sokoni Muhuru, watu wananiuliza: mama, ndugu yako ameitika? Kila mtu anajua Zakaria alikuwa na mke mmoja. Ni mimi hiyo!"

Nikachanganyikiwa. Nilikuwa nimehatarisha mkate wangu kwa kusema haiguswi hata herufi moja. "Mama, tukitoa mkoromo, kiboko hana sababu ya kutoka ziwani."

"Atoke kwa sababu ya joto."

"Kukiwa na joto ndipo anaingia majini, mama."

Nikakusanya ujasiri. "Na ni wewe uliyesema pale ukumbini, anayebadilisha aandike jina lake."

"Nikiandika jina yangu, si ndiyo watajua kabisa ni mimi?"

"Kwani haikuwa wewe?"

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa ukoo. "Mimi? Nyathina, mimi nalala kama maji kwa mtungi. Ni Zakaria alikuwa anakoroma! Nilikuwa nahamia jikoni. Aliponisomea hiyo mchezo mara ya kwanza nikamwambia, wewe mwongo. Akasema, mwanaume akikoroma watu hawacheki, mwanamke akikoroma watacheka."

Dirishani walipita wanawake na beseni za samaki.

"Andika baba mkwe," akasema hatimaye. "Na jina yangu weka. Mimi siogopi uhamisho."

Nikachukua stensili mpya. Chini ya jina la Mwalimu nikapiga: *Katika onyesho la kwanza, anayekoroma ni baba mkwe badala ya mama mkwe. Badiliko hili ni la Yunia, mke wa mtunzi.* Tangu siku hiyo sikuwahi kupiga taipu badiliko lolote, la aliye hai wala la aliyekufa, bila jina la mwenye badiliko chini yake. Mngeshangaa ni mabadiliko mangapi mazuri yanakufa mtu akipewa kalamu.

Sijui mpaka leo kama Mwalimu angekubali. Pengine angevua miwani na kuniuliza tena habari ya ruhusa. Ninachojua ni kilichotokea Muhuru, mchana, kwenye uwanja wa shule yake mwenyewe. Mtangazaji alisoma jalada lote, pamoja na sentensi ile ya chini, na minong'ono ikapita kama upepo kwenye mtama. Baba mkwe akalala kwenye mkeka wake, akaanza kukoroma. Kabla kiboko hajainua kichwa, walimu watatu wa zamani, waliowahi kukaa nyumba moja na Zakaria kabla hajaoa, walisimama nyuma kabisa wakapiga makofi. Mmoja akapaza sauti, "Hapo sasa! Hapo mmesema ukweli!"

Uwanja ukaanguka kwa kicheko. Mama Yunia, benchi la mbele, hakucheka. Alirekebisha tu kitambaa cha kichwa, akakaa wima kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba.

Watu walipokuwa wanatawanyika nilikuwa namsaidia kubeba kiti chake. Jirani mmoja wa sokoni akamfuata mbio, bado anafuta machozi ya kucheka.

"Pole, mama! Kumbe tulikuonea miaka hiyo yote! Na siku hizi unalala vizuri?"

"Nalala vizuri," akasema Mama Yunia. Akatembea hatua chache, akasimama, akatazama upande wa ziwa. "Vizuri mno. Nyumba imenyamaza sana."